Baraza la Mwalimu: Tulitoza hongo, leo tunaitwa ombaomba

Wasomaji wangu, nawaamkia kwa Kigogo: mbukwa. Jicho langu la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo barua zenu za mwezi huu nimesomewa na mjukuu. Nyingine alizisoma akicheka, moja aliisoma nusu akanyamaza. Hiyo nimeiweka mwisho.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, nasoma chuo mwaka wa pili. Nilikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya kazi. Kila nikijitambulisha kuwa ni Mgogo, watu wanacheka: "Bakuli lako liko wapi?" Siku moja jamaa alinishikisha jero mbele ya wenzake wote. Utani naujua, lakini siku ile niliumia. Je, ni kweli kuomba ni mila yetu? Kama si kweli, jina hili lilianzia wapi?*
*Mgogo wa Nkuhungu*

Marahaba mjukuu wangu. Hiyo jero uliirudisha au ulinywea chai? Mimi ningeinywea chai.

Nianze na neno hongo. Leo ukilisikia unaona bahasha ikipita chini ya meza. Miaka 150 iliyopita lilikuwa jina la ushuru uliolipwa mchana kweupe, na wasafiri wa enzi hizo hawakulitaja mahali popote kwa uchungu kama walivyolitaja hapa Ugogo.

Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikafika Mpwapwa. Hapo wapagazi walitua mizigo, wakajaza vibuyu, kwa sababu mbele yao kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa. Ng'ambo ya nyika hiyo ndiyo Ugogo. Ukimaliza Ugogo unakutana na pori la Mgunda Mkali kabla hujafika Unyamwezi. Sasa chora ramani hiyo mchangani uitazame. Mtu aliyetoka kwenye kiu moja na kungojewa na kiu nyingine, katikati yuko kwa nani? Yuko kwetu. Visima vilikuwa na wenyewe, uwele ulikuwa ghalani, na kila mtemi alitoza kwake: doti za kitambaa, shanga, waya wa shaba. Hujalipa, hunywi.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita huku akimtafuta Livingstone. Alipofika Mvumi akatajiwa hongo, akafoka, akatamani bunduki iseme. Waarabu aliofuatana nao, ambao njia walikuwa wameizoea, wakamtuliza. Akalipa. Ukisoma wazungu wa wakati ule, sifa waliyotupa ni ujeuri na kiburi. Nakiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa kijana kama wewe, nilijisikia vizuri siku nzima.

Ngoja nikupeleke kando kidogo, maana jambo hili huwa linaninyima usingizi. Kitambaa kilichopendwa sana kwenye hongo kiliitwa marekani. Jina hilo lilitokana na kwao: kilifumwa viwandani Massachusetts, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakakileta Unguja kwa meli. Na kabla ya vita vyao vya 1861, pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani. Pembe za ndovu zilizopita hapa kwenda pwani nazo nyingi ziliishia Connecticut, zikachongwa vibonyezo vya piano. Kwa hiyo mtemi aliyeketi chini ya mbuyu, shuka jipya begani, alikuwa amevaa jasho la mtu ambaye babu yake huenda alichukuliwa Afrika hii hii. Yeye hakujua. Aliyepiga piano kule naye hakujua ni mabega ya nani yaliyobeba pembe ile kutoka Ujiji.

Turudi kwenye bakuli lako. Hongo ilianza kufa kwa bunduki. Katikati ya mwaka 1890 Carl Peters, Mjerumani yule aliyebandikwa jina la Mkono wa Damu, alipita Ugogo. Alipodaiwa hongo alijibu kwa kuchoma vijiji na kuswaga ng'ombe. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshajenga ngome yao Mpwapwa. Miaka hiyo hiyo ikaingia sotoka, ikamaliza ng'ombe Afrika Mashariki yote. Mgogo bila ng'ombe ni kama benki bila pesa: mahari haipo, akiba ya njaa haipo, na hata rafiki wa kumkopa amefilisika siku moja na wewe.

Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, rupia 3. Mwaka 1910 reli ikafika Dodoma, msafara wa miguu ukakosa kazi. Wengine huandika kwamba reli ilituletea maendeleo, na mji huu kweli ulizaliwa na stesheni, sibishi. Ila garimoshi halinywi maji ya kisima cha mtemi, na kama linayanywa halilipi doti. Tukabaki na jua letu, na kodi ya kulipa.

Halafu vita vya wazungu. Waingereza waliingia Dodoma Julai 1916. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamekusanya ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Walioingia nao wakakusanya ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mazao ya kuvuna mwaka uliofuata yakakosa mikono, mvua nayo ikafanya yake. Njaa ile wazee wetu waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma, walikufa 30,000 kati ya 1917 na 1920. Katika kila watu watano mmoja. Pale Dar es Salaam soko la Kariakoo limepewa jina na jeshi la wapagazi wa vita hivyo, na wanaokucheka wananunua nyanya pale kila siku bila kujua kwamba sehemu ya mzigo ule ilibebwa na babu zako.

Njaa tulikuwa nazo tangu zamani, nchi yetu ni kavu, hilo hakulileta mkoloni. Tulikuwa na dawa yake: kuhemea. Mwaka wa ukame unachukua kapu, unakwenda kwa ndugu, kwa mkwe, kwa rafiki aliyewahi kulishiwa ng'ombe wake na baba yako, unamlimia, unarudi na uwele. Mwaka mwingine anakuja yeye. Hakukuwa na aibu kwa sababu kila mtu alikuwa mdai na mdaiwa. Mtunya uliwafilisi wote kwa pamoja. Baada ya hapo dawa ikawa chakula cha serikali, au kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ili upate fedha ya kodi. Na wengine wakaenda kuhemea mjini, mahali ambapo hakuna mtu anayemdai baba yako wala kudaiwa naye. Kuhemea kwa asiyekujua ndiko kunakoitwa kuomba. Hayo ni maoni yangu, nimeyafikia baada ya kuwatazama akina mama wa vijiji vyetu wanavyoondoka kiangazi na kurudi mvua zikitaka kunyesha, kama ratiba ileile ya bibi zao.

Na hata kukamatwa na kurudishwa nyumbani si jambo la juzi. Mwaka 1944 serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa". Wagogo walirudishwa kwa wingi chini ya sheria ile. Mkoloni aliondoka, desturi ikabaki; mara ngapi tumesikia kwenye redio kwamba ombaomba wa Dar wamekusanywa warudishwe kwao?

Nisikudanganye, si kila kitu ni mzungu. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, tuliifanya wenyewe, tukatoa watu kwenye matembe yao yaliyokaa mbalimbali karibu na malisho, tukawapanga kwa mstari. Kodi ya kichwa nayo tuliirithi, ikaja kubadilishwa jina ikaitwa ya maendeleo, na hadi ilipofutwa 2003 niliona wanaume wazima wakilala porini mgambo wakipita. Baba zao walimkimbia akida vilevile. Kwa hiyo ukirudi Dar, jamaa akikushikisha jero nyingine, ipokee umwambie hiyo ni hongo, maji yako ndani, karibu.

*

*Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako hapa Manyoni. Kuna mwanafunzi wa kidato cha tatu amegoma kuamkia. Anasema shikamoo ni salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Nimshike sikio au nimwache?*

Usimshike kitu. Kijana amesoma, na nusu yake ni kweli. Shikamoo ni "nashika miguu" iliyofupishwa, na pwani ya zamani mtumwa alimwamkia hivyo bwana wake. Ila mtoto wa bwana naye alimwamkia hivyo baba yake, na kila mdogo mkubwa wake. Salamu ile ilikuwa ya ngazi, na mtumwa alikuwa kwenye ngazi ya chini kabisa.

Kama anatafuta maneno ya kugomea, mpe yenye uzito zaidi. Mpe mshenzi, neno ambalo watu wa pwani walituita sisi wa bara wakati wanatuona ni mali inayosubiri kuchukuliwa. Mpe ustaarabu, ambalo asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Tunaambizana kila siku kwamba fulani mshenzi, hana ustaarabu. Mgogo anamwambia Mgogo mwenzake! Akimaliza hayo mawili, aje tuzungumze habari ya shikamoo. Wakati huo aniamkie mbukwa, nitaitika.

*

*Mwalimu, nipo Kongwa. Shambani kwa mjomba kuna chuma kikubwa cha kutu kimezama ardhini, anasema ni cha wazungu wa karanga. Watoto wanakichezea. Je, ni kweli wazungu walishindwa na karanga, zao ambalo bibi yangu analima kwa jembe la mkono?*

Ni kweli, na walishindwa kwa gharama ya paundi milioni 36, za wakati ule.

Vita vya pili vilipoisha Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Wakakaa London wakapiga hesabu ya ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, nyingi Tanganyika, na Kongwa ikawa ya kwanza. Wataalamu waliotumwa kukagua mwaka 1946 sehemu kubwa ya nchi waliiona kutoka kwenye ndege. Ukiwa juu, Kongwa ni tambarare nzuri, haina watu wengi. Hawakujiuliza kwa nini haina watu wengi.

Mwaka 1947 wakaanza. Wakaleta matrekta yaliyochakaa vitani, na baadaye vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikawagomea, na nyuki wa kwenye mibuyu wakawapeleka watu hospitali. Udongo wa Kongwa bibi yako anaujua: mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni saruji, na mchanga wake unakula chuma. Karanga zikikomaa ardhini wakati wa kiangazi, kuzitoa ni kama kuchimba mawe. Walipanga kulima ekari 150,000 mwaka wa kwanza, wakaambulia kama 7,500. Januari 1951 mradi ukafutwa.

Bibi yako analima vipande vidogo, anachagua pale maji yanapotuama kidogo, na mwaka mbaya anaacha karanga anategemea uwele. Elimu hiyo ilikuwepo 1947, imekaa kwenye vigoda, inavuta ugoro. Haikuulizwa. Hilo ndilo naliona bado linaishi: nimehudhuria mikutano mingi ya vijiji ambapo mgeni anashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, picha zake zimeshachorwa, na wazee wanaitwa kupiga makofi. Siku hizi mgeni mwenyewe mara nyingi ni mtoto wetu.

Jambo moja la kufurahisha. Majengo yaliyoachwa na mradi ule, miaka ya 1960, yalipokea wapigania uhuru wa kusini: FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, ZAPU, wote walikuwa na kambi Kongwa. Paundi za mlipa kodi wa Uingereza zikawapatia paa watu wa kuuondoa ukoloni. Chuma cha mjomba kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini watoto wawe na viatu, pepopunda haina historia.

*

*Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, wilaya ya Mpwapwa. Kijana wangu wa kwanza alipeleka posa. Wazee wa upande wa binti wamekaa kikao wakasema ukoo wetu una doa, kwamba bibi wa marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kununuliwa. Mimi sikujua. Nimemuuliza shemeji mkubwa, akanikaripia kwamba mambo hayo hayaulizwi. Kijana hali chakula. Je, utumwa unarithiwa? Nifanye nini?*

Mama, pole. Hii ndiyo barua aliyokwama nayo mjukuu wangu.

Kisheria, jibu ni fupi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Huku bara Mjerumani hakuufuta utumwa, alisogeza tu: alitangaza kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, wazazi wao wakaendelea. Sheria iliyoumaliza kabisa Tanganyika ni ya 1922. Kwa hiyo hakuna mtoto wa nchi hii mwenye hadhi hiyo, si mumeo, si mwanao. Lakini najua hukuniandikia kwa ajili ya sheria.

Mpwapwa yenu ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara. Serikali yetu imeiorodhesha UNESCO pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, zikisubiri kufikiriwa kuwa urithi wa dunia. Njia yetu ilipitisha pembe zaidi kuliko watu. Waliouzwa Unguja wengi walitoka upande wa Kilwa na Ziwa Nyasa. Ila watu walipita huku pia, na si wote waliofika pwani. Wengine walishindwa kutembea, wengine walitoroka wakajificha kwenye matembe, wengine walinunuliwa papa hapa. Wasafiri wa Ulaya waliandika kwamba Wagogo walitoa pembe wakapokea watu. Sisi tunaopenda kusimulia jinsi tulivyomtoza Stanley, hilo tunaliruka. Waliopokelewa walichunga, walilima, waliolewa, wakapewa jina la ukoo. Baada ya vizazi viwili hakuna anayeweza kuwatenganisha na wengine, isipokuwa siku ya posa.

Sasa wazee wa upande wa binti waulizwe kwa heshima: ninyi ukoo wenu ulitokea wapi? Karibu kila ukoo wa Kigogo una simulizi ya kuja. Huyu katoka Uhehe, huyu Unyamwezi, huyu Ukaguru, babu alifuata ng'ombe aliyepotea, babu aligombana na nduguye. Simulizi zote babu anakuja kwa miguu yake, anapenda. Hakuna hata ukoo mmoja ambao babu alikuja amefungwa kamba. Je, kweli hilo linawezekana, kwenye njia ile, kwa miaka ile?

Shemeji yako usimlaumu sana. Nami nimefundisha historia miaka 31, nimechora ubaoni njia za misafara mara zisizohesabika, na sikuwahi kusimulia darasani habari ya bibi yangu mzaa baba.

Mwaka 1974 kulikuwa na njaa. Serikali ilileta mahindi ya msaada ya Marekani, yale ya njano, unga wake tuliuita yanga. Mgawo ulifanyika nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi, kwa debe. Nilikuwa mwalimu kijana, nipo likizo, nikamsindikiza bibi. Balozi alipoanza kupima bibi aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kivuli akiwa ametupa mgongo. Nikapokea mgawo mimi. Nilidhani ni kiburi cha uzee, nikaona haya kidogo kwa niaba yake. Nyumbani mama aliniambia kwamba bibi huwa hivyo siku zote. Hata mavuno yakiwa mazuri, ikifika kupima nafaka anaondoka uani.

Mimi nilikuwa na maswali ya kitabuni, na kwa bahati nilikosa akili ya kuyauliza moja kwa moja. Nilimsaidia kupepeta kwa siku kadhaa. Siku ya nne au ya tano alisema mwenyewe, kwa Kigogo, bila kuniangalia. Wakati wa Mtunya alikuwa binti, maziwa ndiyo kwanza yanaota. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mto Kizigo. Baba yake alichukuliwa na wazungu kubeba mizigo, hakurudi. Mjomba akamshika mkono wakatembea siku tatu hadi kwa mtu mwenye uwele. Makapu mawili. Akaambiwa ni rehani, wakivuna watakuja kumkomboa. Nafaka ikapimwa yeye akiwa amesimama pembeni, na mwenye uwele alifuta juu ya kapu kwa kiganja ili lisizidi. Kile kiganja ndicho alichokikumbuka. Mvua zikaja, watu wakavuna, hakuna aliyekuja. Hakujua kama walikufa au walimwacha, na aliniambia kwamba alichagua kuamini walikufa.

Mwenye uwele yule alikuwa babu wa baba yangu. Mwanawe ndiye aliyemwoa. Mimi ni mtoto wa kapu na wa mwenye kapu, mama yangu, na hakuna kikao kinachoweza kunigawa.

Wala siwezi kuwaambia watu wa makapu yale kwamba walikuwa washenzi. Waliokoa roho na wakanunua mtu, yote kwa mara moja. Aliyewafikisha wote pale, mjomba na mwenye uwele, ni yule aliyebeba ng'ombe na wanaume akaenda zake na vita vyake, na huyo hakuna anayekataa kuozesha kwake.

Cha kufanya. Usimpeleke shemeji, ataanza kukana, na mkikana mtakuwa mmekubali kwamba ni aibu. Mtafute mshenga mwingine, mtu mzima wa makamo, ikiwezekana mwanamke, kwa sababu habari hizi wanawake ndio wanaozijua. Aende jioni watu wameshatoka shamba. Asianze na mahari. Aseme: ni kweli, bibi wa mume alinunuliwa, jina lake lilikuwa fulani, alizaa watoto kadhaa, akazikwa mahali fulani. Kwa hiyo kabla ya safari hiyo itafute habari yake: jina alilokuja nalo, lugha aliyoimbia watoto, kaburi. Shemeji akikaripia tena mwache, nenda kwa dada zake. Chukua uwele wa kupepeta, simu iache nyumbani.

Wakikataa baada ya hapo, kijana wako atakuwa ameepukana na wakwe wa namna hiyo, ingawa najua kwa sasa hawezi kulisikia hilo. Mpikie mlenda, ataula tu. Wakikubali, niandikie. Hata wakikataa niandikie, lakini jina la kijiji usiliweke.